Mchanga wa Nyando kuwa shanga za kioo

Ndugu yangu wa Ahero, nimekuelewa: mchanga wa mto Nyando unao bure, magadi yako dukani, na unataka kutengeneza shanga za kioo kwenye jiko la makaa. Mchanga peke yake utakushinda. Silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, huyeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, na jiko hilo halifiki huko. Magadi hushusha joto linalohitajika, lakini ukiishia hapo utapata kioo kinachoyeyuka majini kama sukari guru. Chokaa ndiyo hukikaza. Kioo cha dirisha ni silika takriban asilimia 70, soda (ile iliyomo kwenye magadi) 15 na chokaa 10. Tena mchanga wa mto huwa na chuma, kwa hiyo tarajia rangi ya kijani, utake usitake.

Mimi ningeanza na chupa zilizovunjika, ambazo tayari zina vyote hivyo. Saga vigae viwe unga, jaza kwenye kalibu ya udongo, kisha omba nafasi kwa mfinyanzi mwenye tanuri linalofika nyuzi 800 na ushee. Shanga zangu za kwanza nilizitoa zikiwa moto. Zikapasuka moja moja, ta, ta, ta, hadi ya mwisho. Zako ziache tanurini zipoe usiku kucha. Usichanganye chupa na vioo vya dirisha, havinywei sawa vikipoa.

Saga kwa maji, vaa miwani na barakoa, maana vumbi hilo hukwaruza mapafu. Kikohozi kisipoisha, muone daktari na umweleze kazi unayofanya.