Geuza senti kwanza

Bibi yangu wa Pangani alikuwa na sinia la shaba alilolisugua kwa ndimu na majivu kila Ramadhani ikikaribia, likawaka utadhani limetoka dukani jana. Basi nilipopata medali yangu ya kwanza ya kumbukumbu ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1893, imefubaa, nyeusinyeusi, nikafanya yale yale jikoni kwangu: ndimu, chumvi, mswaki uliochakaa. Iling'aa kweli. Wiki iliyofuata nikampelekea muuza sarafu mmoja. Akaitazama kwa lenzi sekunde mbili, akairudisha mezani bila neno. Ile rangi ya kahawia niliyoiita uchafu ndiyo waliyokuwa wakiitafuta wanunuzi. Ilijijenga zaidi ya miaka 100, nami nimeiondoa kwa ndimu moja.

Kwa hiyo usisugue. Vumbi lipulize. Ikizidi, suuza kwa maji safi na ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, uishie hapo.

Lakini kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la senti za Kimarekani zilizokamuliwa, na hizi ndizo ninazowashauri wanaoanza kukusanya kumbukumbu za maonyesho. Kama umewahi kusimama kwa muuza juisi ya miwa Kariakoo, mashine yenyewe unaijua: rola mbili na mpini wa kuzungusha. Senti inaingia mviringo, inatoka ndefu kama kokwa ya tende, na kwa kuwa rola moja imechongwa, inatoka na picha na jina la maonyesho. Mtindo huu ulianzia hapo hapo Chicago, kwenye maonyesho ya 1893, na hadi leo mashine za namna hiyo zimejaa kwenye vivutio vya watalii Marekani. Za maonyesho ya pili ya Chicago, yale ya 1933, zipo nyingi na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Mimi niliuziwa moja "ya 1893" kwa dola 40 kwenye mnada wa vitu vya zamani. Picha safi, maandishi safi. Nyumbani nikaigeuza chini ya taa, nikiiinamisha huku na huku. Upande wa nyuma, yamevutwa kama mpira, yalionekana masuke mawili ya ngano. Senti ya masuke, yenye sura ya Rais Lincoln mbele, ilianza kutengenezwa 1909! Senti yangu ilizaliwa miaka 16 baada ya maonyesho kufungwa. Chuma kilichochongwa zamani hakikatai kukamua senti ya juzi, na picha itatoka ile ile.

Tangu siku hiyo picha naitazama mwisho. Naanza na nyuma. Ya 1893 ikiwa ni senti ya wakati ule, itakuwa na shada la majani nyuma, na mbele kivuli cha kichwa chenye manyoya. Ya 1933 inaweza kuwa na masuke. Ukiona jengo lenye nguzo, hilo liliwekwa kwenye senti mwaka 1959, usijadiliane na muuzaji, mshukuru uondoke. Mizani ndogo ya sonara nayo husaidia: senti ya shaba ya Lincoln ina gramu 3.11, na ya zinki iliyopakwa shaba, iliyoanza 1982, ina 2.5 tu. Ya zinki ikikamuliwa mara nyingi huchubuka, ikaonyesha michirizi ya kijivu.

Kuhifadhi: epuka albamu za plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni, hutoa utando wa kijani. Aliye pwani aweke vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Chagua maonyesho mamoja uyajue. Mimi nimebaki na Chicago kwa sababu naishi hapa, na Jackson Park, uwanja wa maonyesho ya 1893, naenda kwa miguu. Sikusanyi kwa kuwa yalikuwa mazuri tu. Pale Midway, upande wa burudani wa maonyesho hayo, watu wa Dahomey, Benin ya leo, waliwekwa kwenye kijiji cha kutazamwa, wakati Frederick Douglass, mzee aliyezaliwa mtumwa, alikuwa kwenye banda la Haiti akiiwakilisha nchi hiyo. Nikiishika medali ya mwaka ule huwa nawaza iliuzwa upande gani wa uwanja.

Kuna pia nusu dola ya fedha yenye sura ya Columbus. Iliuzwa dola nzima kama kumbukumbu, watu wengi wakaiona ghali, na nyingi kati ya zilizobaki zikaishia mitaani zikinunua mkate kama nusu dola nyingine yoyote. Ndiyo maana zilizochakaa hazina bei kubwa. Yangu niliuziwa kwa thamani ya madini yake ya fedha tu, na meli iliyoko nyuma imelika hadi matanga hayaonekani.