Bila Tenisi Mapenzi Haya Yasingesimama

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji wenu: katika filamu ya michezo inayosimulia mapenzi ya watu watatu, je, mchezo huwa pambo la mapenzi, au mapenzi huwa chambo cha kumfanya mtazamaji auvumilie mchezo? Ningependa kujibu kwa kuitazama kwa karibu filamu moja, Challengers, iliyoongozwa na Mwitaliano Luca Guadagnino na kuingia katika majumba ya sinema mwaka 2024, kwa sababu naamini inalikataa swali hilo kwa pande zake zote mbili. Ukiiondoa tenisi katika filamu hiyo, wahusika wake watatu hawabaki na njia yoyote ya kupendana, wala ya kuumizana. Kila jambo zito wanalotaka kuambiana hulazimika kupita juu ya wavu.

Ili hoja yangu ieleweke sina budi kukisimulia kisa chenyewe hadi mwisho, na asiyeitazama filamu anisamehe. Art Donaldson, anayeigizwa na Mike Faist, na Patrick Zweig, anayeigizwa na Josh O'Connor, ni marafiki walioishi chumba kimoja katika shule ya tenisi tangu utotoni. Mwaka 2006 wanatwaa ubingwa wa wavulana wa wachezaji wawili wawili katika US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, na siku hizo hizo wote wawili wanampenda Tashi Duncan, msichana mwenye kipaji kinachowazidi, ambaye nafasi yake imechukuliwa na Zendaya. Tashi anaanza na Patrick. Baadaye anaumia goti vibaya akiwa uwanjani, safari yake ya uchezaji inakatika, na miaka kadhaa ikipita anakuwa kocha wa Art, kisha mke wake. Mwaka 2019 Art ni bingwa aliyepoteza kujiamini, anayekosa taji la US Open tu ili awe ametwaa mataji yote makubwa, na Tashi anamwandikisha katika mashindano madogo mjini New Rochelle, karibu na New York, ili apate ushindi wa kumwinua. Katika fainali anakutana na Patrick, ambaye sasa hana hata fedha za kulipia chumba na analala ndani ya gari lake.

Mashindano ya ngazi ya Challenger ndiyo yanayofuata chini ya mashindano makuu ya wanaume ya ATP, chama cha wachezaji tenisi wa kulipwa wa kiume, na humo hukutana vijana wanaopanda na wakongwe wanaoshuka. Mwandishi wa filamu, Justin Kuritzkes, alichagua mahali panapofaa mno, kwani hapo bingwa mashuhuri na mtu aliyeshindwa wanaweza kusimama katika uwanja mmoja, mbele ya watazamaji wachache, bila hadhi yoyote ya kuwakinga.

Fainali hiyo ndiyo uti wa mgongo wa filamu nzima. Tunaingia ndani yake mapema kabisa, tunatolewa na kurudishwa nyuma miaka 13, kisha tunarejeshwa tena uwanjani kila mara tukiwa tunajua jambo moja zaidi kuhusu watu hawa, kiasi kwamba pointi tuliyoiona mwanzoni kuwa ya kawaida inakuja kuonekana kama tusi au ombi la msamaha. Wengine wamelalamika kwamba mpangilio huu unachosha na kuchanganya. Kwangu mimi ndio unaoifanya filamu ifae kutazamwa mara ya pili, maana mtazamaji anajifunza kuusoma mchezo jinsi wachezaji wenyewe wanavyousoma.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jibu langu lote limeegemea juu ya tabia ya tenisi yenyewe. Ni mchezo ambao wapinzani hawagusani. Uwanja umegawanywa kwa wavu, watazamaji wanatakiwa kunyamaza wakati mpira unachezwa, na mchezaji yuko peke yake kwa saa nzima au zaidi bila mwenzake wa kumpa pasi wala wa kumtupia lawama. Zaidi ya hayo, mwaka 2019 kanuni za mashindano ya wanaume zilikuwa bado zinamkataza kocha aliyeketi jukwaani kumpa mchezaji wake maelekezo. Kuritzkes ameeleza kwamba wazo la filamu lilimjia alipotazama fainali ya wanawake ya US Open mwaka 2018 kati ya Serena Williams na Naomi Osaka, pale Serena alipoonywa na mwamuzi kwa madai kwamba kocha wake alimpa ishara. Alivutiwa na kanuni ile, akajiuliza ingekuwaje iwapo mchezaji na mtu aliyeketi jukwaani wangekuwa na jambo la dharura la kuambiana, jambo la maisha yao, na sheria ikawa imewafunga midomo.

Swali hilo moja linaizaa filamu nzima. Tashi ameketi usawa wa wavu, kwa hiyo kumtazama mumewe ni lazima ageuze shingo upande mmoja, na kumtazama mpenzi wake wa zamani ageuze upande wa pili, na mpira unamlazimisha kufanya hivyo bila kupumzika. Hawezi kusema neno. Mwongozaji hakuhitaji kubuni picha ya mwanamke aliyegawanyika kati ya wanaume wawili, kwa kuwa kanuni na vipimo vya uwanja vilikwisha kumpa. Inafaa kukumbuka kwamba majaribio ya kuruhusu maelekezo ya kocha katika mashindano ya wanaume yalianza mwaka 2022, na kwamba kuanzia 2025 kanuni za kimataifa zimeyaruhusu. Kisa hiki kingewekwa katika mwaka wa leo, Tashi angeweza kumwambia Art jambo kati ya pointi na pointi, na nusu ya mvutano wa seti ya mwisho ingetoweka.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni ishara moja ndogo. Walipokuwa vijana, Tashi aliahidi kumpa namba yake ya simu yule atakayeshinda kati yao siku iliyofuata, na Patrick akashinda. Art, akitaka kujua kilichofuata bila kukisikia kwa maneno, alimwomba rafiki yake amjibu kwa namna ya kuanzisha mpira: kama amelala na Tashi, auanzishe kama Art anavyouanzisha, kwa kuuweka kwanza mpira kwenye shingo ya raketi. Patrick akafanya hivyo. Tukio hilo la kitoto linapita huku tukicheka. Miaka 13 baadaye, katika seti ya tatu ya fainali ya New Rochelle, Patrick anasimama kwenye mstari, anamtazama Art, na polepole anauweka mpira kwenye shingo ya raketi. Hakuna mtu mwingine pale uwanjani anayefahamu kilichotokea. Mwamuzi anamwona mchezaji akijiandaa, watazamaji wanaona mazoea ya mchezaji, ila Art ameambiwa kwamba mke wake amelala na Patrick, tena hivi karibuni. Nimetazama filamu nyingi za wivu, na sikumbuki ungamo lililotolewa kwa vitu vichache namna hiyo. Mwandishi asiyeijali tenisi angewapeleka wote watatu katika chumba cha hoteli wapigiane kelele.

Najua wapo watakaonijibu kwamba Tashi ni mwanamke katili, na kwamba filamu inamtumia kama tuzo ya wanaume wawili. Sikubaliani na shutuma zote mbili. Tuzo haina matakwa, ilhali Tashi ndiye mwenye matakwa makali kuliko wote: anataka tenisi ya hali ya juu, na baada ya goti lake kuharibika anaweza kuipata kwa kupitia miili ya watu wengine tu. Usiku wa kuamkia fainali Art anamwambia kwamba amechoka na anataka kustaafu, naye anamjibu kwamba akishindwa na Patrick atamwacha. Ni maneno ya kuumiza, lakini Zendaya anayatamka kwa uso wa mtu anayezikwa kwa mara ya pili, na kwangu uigizaji huo unatosha kumwondolea sifa ya ukatili mtupu. Kisha anakwenda kumwomba Patrick akubali kushindwa makusudi, na hapo ndipo anapotenda kosa ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kulitetea, kwa kuwa anakiuza kitu pekee anachokiheshimu.

Kuhusu wanaume wenyewe, tuna methali kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na filamu nyingi za mapenzi ya watu watatu zimejengwa juu ya imani hiyo. Challengers inaipindua. Art na Patrick walikuwa na furaha kuu walipocheza upande mmoja wa wavu, na ugomvi wao wote tangu hapo una harufu ya watu waliotenganishwa na zizi lao. Katika chumba cha hoteli mwaka 2006, wakati vijana wote wawili wanambusu Tashi, yeye anajirudisha nyuma taratibu na kuwaacha wakibusiana wao kwa wao, huku akitazama kwa kuridhika. Pembetatu hii ina pande zote tatu. Kila mmoja anamtamani mwenzake, na ndiyo maana haiwezi kumalizwa kwa mmoja kuondoka.

Filamu nyingine zimekaribia jambo hili bila kulifikia. Bull Durham ya mwaka 1988, iliyohusu besiboli ya ligi ndogo nchini Marekani, nayo ina mwanamke mjuzi wa mchezo na wanaume wawili, na naipenda sana, lakini humo wanaume hao wanachezea timu moja na besiboli inakwenda sambamba na mapenzi. Wimbledon ya 2004 inatumia tenisi kama ngazi ya kumfikisha mpenzi juu. Kwa filamu ya namna hiyo ya pili, swali lenu linafaa kabisa.

Sasa nigusie umaridadi wake, maana wakosoaji kadhaa wameufananisha na tangazo la biashara. Trent Reznor na Atticus Ross walitunga muziki wa elektroniki wenye mdundo wa disko, unaoingia katikati ya mazungumzo hadi maneno yanapambana nao, na muziki huo ulipata tuzo ya Golden Globe mwaka 2025. Mwanzoni unashtua. Baadaye unagundua kwamba unaingia pale ambapo mazungumzo yamegeuka kuwa mashindano, hata kama watu wameketi kitandani. Mpiga picha Sayombhu Mukdeeprom kutoka Thailand anaiweka kamera chini ya sakafu ya uwanja, kisha machoni pa mchezaji, na mwishowe ndani ya mpira wenyewe, ukirushwa huku na huko kati ya wanaume wawili. Hata mavazi, yaliyobuniwa na Jonathan Anderson, yana kazi: fulana yenye maandishi ya Kiingereza yanayomaanisha "nilikuambia" tunaiona kwanza mwilini mwa Tashi, halafu mwilini mwa Patrick, na hapo tumeshaarifiwa bila maelezo.

Si kila mahali ninapoitetea. Upepo mkali unaovuma usiku wa kuamkia fainali, ukipeperusha takataka huku na huko wakati Tashi na Patrick wanakutana, unatuambia kwa sauti kubwa jambo tulilokwisha kulijua. Na mwendo wa polepole katika dakika za mwisho, pamoja na matone ya jasho yanayodondoka mbele ya kamera, unarefushwa kupita kiasi hadi mapigo yenyewe yanapoteza uzito wake.

Hata hivyo dakika hizo zinafikia mahali panapostahili. Seti ya tatu inaamuliwa kwa gemu ya ziada, ambayo mshindi wake ni anayefikisha pointi 7 akiwa amemzidi mwenzake kwa angalau 2, na wanaume wale wawili, ambao sasa hawana siri iliyobaki, wanacheza kama ambavyo hawajacheza kwa miaka. Wanaukaribia wavu, Art anaruka kuupiga mpira, anavuka wavu na kuangukia mikononi mwa Patrick, nao wanakumbatiana. Tashi anasimama na kupiga ukelele ule ule wa ushindi aliokuwa akiupiga kabla goti lake halijaumia. Mshindi hatangazwi. Wasomaji wenzangu wanaodai kwamba wamenyimwa matokeo wanaidai filamu nyingine, ambayo ndani yake mchezo ni wa kuamua nani amchukue mwanamke. Hapa Tashi alikuwa akiisubiri tenisi ya namna ile tangu 2006, na kwa pointi ile moja ameipata, iwe mwamuzi ataiandika upande wa Art au wa Patrick.