Kwako uliyeanza safari ya kumrudia Mola: usiukimbize moyo

Ndugu yangu uliyeamua kumrudia Mola wako, karibu. Kuna jambo nililochelewa kulijua, nami nisingependa nawe ulichelewe: wengi wetu hatuangushwi na uvivu, tunaangushwa na pupa.

Nilipoanza nilijipangia juzuu nzima, yaani sehemu moja kati ya 30 za Qur'ani, kila siku, rakaa 8 za usiku, na funga ya Jumatatu na Alhamisi. Wiki za mwanzo machozi yalikuja yenyewe. Mwezi wa tatu yakakauka. Nikaongeza rakaa nikidhani utamu utarudi. Asubuhi moja nikaamka jua limeshachomoza, Alfajiri imenipita, tasbihi iko chini ya mto iliponiponyoka kwa usingizi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajiona mnafiki.

Mwalimu wangu hakunikemea. Aliniuliza tu, "Qur'ani ilishuka kwa muda gani?" Nikamjibu, miaka 23. "Na aliyeiteremsha alishindwa kuileta kwa usiku mmoja?"

Nenda kaisome sura ya Al-Furqan, aya ya 32. Makafiri walihoji kwa nini isishuke yote kwa mara moja, na jibu likaja kwamba ni ili moyo wa Mtume uthibitishwe. Moyo wake, rehema na amani zimshukie! Tazama na pombe: kwanza watu waliambiwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, ndipo ikaharamishwa kabisa. Masahaba walipandishwa ngazi kwa ngazi, seuze mimi na wewe.

Basi chagua kidogo usichokiacha. Mimi nilirudi kwenye rakaa 2 kabla ya kulala na ukurasa mmoja wa msahafu. (Nazungumzia sunna, yaani ibada za hiari; faradhi, zile za lazima, hazipunguzwi.) Mtume ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, japo iwe chache.

Na siku za ukavu zitakuja. Utasimama, utarukuu, utasujudu, na moyo uko kimya kama jiwe. Hapo ndipo wengi huondoka, wakidhani wamefukuzwa mlangoni. Wanazuoni wameigawa subira mafungu matatu: subira ya kudumu katika utii, ya kujizuia na maasi, na ya kustahimili mitihani. Sisi tukisikia subira tunakumbuka misiba tu, kumbe linalomkuta mwanzo anayeanza ni lile fungu la kwanza. Swala uliyoisimamisha bila kuonja chochote usiidharau. Uliiswali kwa ajili Yake, maana utamu haukuwepo wa kukuvuta.

Dua nayo ni hivyo hivyo. Tumeambiwa mja hujibiwa maadamu hafanyi haraka, akasema: nimeomba, sikujibiwa.

Acha pia kujipima kila Ijumaa. Mabadiliko mara nyingi huonekana mbali na mswala. Mwaka wa pili wa zile rakaa 2, mwenzangu kazini alinitwika kosa lisilo langu mbele za watu. Jibu kali lilishafika ulimini. Nikalimeza, nikamweleza kwa upole ilivyokuwa, nikaendelea kupanga karatasi zangu. Usiku, nikiwa natia udhu, ndipo nilipokumbuka kwamba zamani nisingelimeza jibu lile. Nilisimama pale maji yakitiririka mikononi, na machozi yale ya mwanzo yakarudi.