Vidukari kwenye kunde
Dada, umeuliza kama huo weusi kwenye kunde zako ni ukungu. Hao weusi waliogandamana kwenye vikonyo ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, si ukungu. Ndiyo maana sisimizi wanapanda na kushuka: wanafuata yale majimaji matamu vidukari wanayotoa. Anza na maji ya mpira wa bustani, wapige vidukari kwa chini ya jani. Wakirudi, twanga mbegu kavu za mkilifi (mwarobaini, kwa watu wa bara), gramu 50 kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ili ishike. Nyunyiza jua likishapoa. Mimi nilinyunyiza saa sita mchana, na jua hili letu la Malindi, majani yakababuka yote! Vile vidudu vyekundu vya madoa meusi usiviue, vinawala haohao.