Nilipoandika "hajui" kwenye karatasi ya mtoto

Kama unajiandaa kwenda kukusanya data za watoto kwa ajili ya tasnifu ya saikolojia ya makuzi, nakuomba kwanza ukae na watoto hao siku tatu bila kuwauliza lolote. Mimi sikukaa. Nilikuwa na haraka ya kurudi chuoni na idadi kamili.

Nilikuwa Nyalenda, hapa Kisumu, kwenye chekechea ndogo ya mabati. Nilibeba lile jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi: glasi mbili zenye maji sawasawa, unamimina ya moja kwenye chombo kirefu chembamba, kisha unamuuliza mtoto kama maji bado ni sawa au upande mmoja una mengi. Piaget alisema watoto ambao hawajafika miaka saba hivi huchukuliwa na urefu wa chombo. Msichana wa miaka sita alitazama glasi, akatazama viatu vyangu, akanyamaza. Nikarudia swali. Akanong'ona, "Haya ndiyo mengi." Nikaandika "hajui", nikaita mwingine.

Jioni nilipita kwenye kibanda ambapo nyanya yake huuza omena, dagaa wa ziwani. Mteja alikuwa akilalamika kwamba omena yake imekuwa kidogo baada ya kumwagwa kwenye mfuko mpana. Yule yule msichana akamjibu papo hapo kwa Dholuo, mkono kiunoni: ni gorogoro (kopo la kupimia) ile ile, haijapungua, imetandazika tu. Karatasi yangu ilikuwa mkobani. Nilipanda boda nikiwa na uchungu moyoni.

Kilichotokea si kigeni. Watafiti Charles Super na Sara Harkness walifanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa Kenya, miaka ya 1970, na waliona watoto wengi wakinyamaza mbele ya mpimaji hata walipoombwa tu kusimulia tena hadithi fupi. Kule, kama huku kwetu, mtoto mwenye adabu husikiliza na kutii. Hajazoea mgeni mzima amketishe amdai maelezo. Ukimya wake ni heshima, nawe unaugeuza alama ya sifuri.

Halafu lile kosa la kurudia swali. Mtoto akiulizwa jambo lile lile mara mbili na mtu mzima, huona jibu la kwanza lilikuwa baya. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson, wakiwa Uskoti, hawakupanga upya vitu kwa mikono yao wenyewe, bali walimfanya mwanasesere dubu mtundu avuruge safu moja kati ya mbili za vitu zenye idadi sawa. Watoto wengi zaidi wakajibu sahihi. Kwa hiyo uliza mara moja, na ikiwezekana mtoto mwenzake ndiye amimine.

Kabla ya jaribio lolote, tazama. Mimi siku hizi huchagua mtoto mmoja, huweka saa, na kila sekunde 30 huandika anachofanya: "anampa mdogo wake kikombe", wala si "ana upendo". Upendo ni maoni yangu, kikombe nilikiona. Mtazamaji wa pili aandike peke yake bila kuchungulia daftari lako, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, maelekezo yenu hayajaeleweka. Yarekebisheni kabla ya kuendelea.

Ukilinganisha watoto wa miaka minne na wa miaka minane siku moja utamaliza haraka, lakini usikimbilie kusema tofauti yote ni ya umri. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Aliyekuwa tayari amezaliwa wakati ule na ambaye hakuwa amezaliwa wamelelewa katika nyakati mbili. Kuwafuatilia watoto wale wale kwa miaka huonyesha mabadiliko ya kila mmoja, ila mitaani watu huhama kodi ikipanda, na likizo watoto hupelekwa ushago, yaani kijijini. Wanaopotea mara nyingi ndio wenye maisha magumu zaidi, kwa hiyo wanaobaki hukupa picha nzuri kuliko ukweli. Chukua namba ya simu ya nyanya pia. Mama akibadilisha laini, nyanya bado anapatikana.

Umri usiukadirie kwa macho. Omba kijitabu cha kliniki, hesabu kwa miezi.

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, na cha kamati ya maadili utavipata kwa karatasi, na mzazi atatia sahihi au kidole. Mtoto naye ana ridhaa yake. Akitazama mlango mara tatu, amekataa. Mwachie aende kucheza, na biskuti umpe vile vile kama wenzake.

Nyanya wa yule msichana, nilipomweleza kilichotokea, aliniambia, "Nyara (binti yangu), mtoto wangu hakujui. Ungekuja kwanza ukanunua omena." Nikaanza kwenda kila asubuhi.

Jibu la yule msichana sikulifuta. Kubadilisha alama baada ya kuona kitu nje ya jaribio ni kuharibu data, hata moyo ukikusukuma. Niliandika nilichokiona kibandani kama maelezo ya pembeni, nikawaondoa watoto kumi na mmoja wa mwanzo kwenye hesabu nikawaita wa majaribio, nikamweleza msimamizi wangu sababu, nikaanza upya na omena na gorogoro badala ya glasi. Wiki tatu zilipotea.