Kabla hujaifundisha kompyuta sitiari, sikiliza swali

Nilipoanza kutengeneza programu ndogo ya kuelewa sitiari, nilianzia wanapoanzia wengi: wakili na papa, yaani sentensi "Wakili wangu ni papa". Ni mfano wa mwanasaikolojia Walter Kintsch. Mwaka 2000 alionyesha kwamba kompyuta inaweza kupima ukaribu wa maneno kutokana na maandishi mengi, kisha katika majirani wa neno "papa" ikachagua yale yanayomfaa wakili, kama ukali. Nikautafsiri mfano huo, nikailisha programu maandishi ya Kiswahili. Ikanipa nazi, chumvi na Roma.

Programu haikukosea. Papa kwetu ni kitoweo, tena ni Baba Mtakatifu. Shangazi yangu wa Mji wa Kale nilipomsomea "Yule wakili ni papa", aliniuliza, "Ana nini, mwanangu, ananuka?"

Kwa hiyo usitafsiri mifano ya watu. Okota inayosemwa karibu nawe: kupe, kinyonga, chiriku.

Na unapoiokota, andika pia swali lililoitangulia. Hili nililipuuza na likanipotezea miezi. Mwaka 2014 watafiti Justine Kao, Leon Bergen na Noah Goodman walitengeneza modeli, yaani kielelezo cha kompyuta, ambamo msikilizaji hujiuliza: huyu anayesema anataka nijue jambo gani? Walitumia sentensi zinazomwita mtu kwa jina la mnyama, wakawa wanabadilisha swali. Swali likibadilika, tafsiri za watu zilibadilika, na modeli nayo ikafuata.

Jaribu mwenyewe. Mtu akuulize, "Dada yule naweza kumpa siri yangu?" Umjibu, "Yule chiriku." Ameshaelewa, atanyamaza. Sasa uko harusini, mtu akuulize, "Anaimbaje?" Umjibu neno lile lile, chiriku. Umemsifu. Orodha za sitiari tulizokariri shuleni, Juma ni simba, zimeng'olewa kwenye mazungumzo, ndiyo maana hazifai kufundishia modeli.

Anza na watu kumi tu, majirani au jamaa. Wape sentensi moja yenye maswali mawili tofauti, waeleze walivyoelewa, kisha linganisha na majibu ya programu.

Kilichonishinda mpaka sasa ni kanga. Mwanamke anapita uchochoroni kajifunga kanga na jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, hakuna aliyeuliza kitu, na jirani aliyeketi barazani anajua kabisa kwamba ameambiwa yeye. Swali liko wapi hapo? Bado sijapata namna ya kuliandika.