Unga wa mlonge kwenye uji wa watoto
Dada, kama watoto wanautema uji wenye unga wa majani ya mlonge (moringa), huenda unauweka mwingi na unauchemsha nao. Epua kwanza, uji upoe kidogo, ndipo ukoroge nusu kijiko cha chai kwa kikombe. Moto mwingi unapunguza vitamini pia. Ukikausha majani mwenyewe, yaanike kivulini. Juani vitamini A inapotea na rangi inageuka kahawia kama ugoro.

Mimi napenda zaidi majani mabichi. Yapukute kwenye vijiti (hapo ndipo kazi ilipo!), yachemshe kidogo, umwage maji, halafu yaunge kwa nyanya na tui la nazi, kamulia ndimu mezani. Ndimu inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya majani. Chai ya rangi inazuia, kwa hiyo inywe baadaye.

Yale madai kwamba mlonge unatibu magonjwa 300 achana nayo. Ni mboga nzuri, ina protini na kalsiamu, basi. Mizizi na magome usiguse, hasa ukiwa mjamzito. Anayemeza dawa za sukari au presha amuulize daktari kabla ya kuzoea unga huo.